Acheni Kutuuzia Megabiti, Tupeni Simu Isiyokatika

Wasee, leo sina video. Nilianza kurekodi hii ishu mara mbili na mara zote mbili nikapandwa na hasira katikati, kwa hivyo someni tu. Ni kuhusu waifai. Najua nikitaja waifai swali la kwanza kwenye komenti huwa "buda, megabiti ngapi?" Hilo swali ndilo linatuchezea.

Ploti yetu hapa Rongo, upande wa njia panda ya Homa Bay, ina vyumba 14. Wengi wa majirani ni wanafunzi. Mimi nilikuwa mmoja wao, chuo kingine, Tehama, mpaka mwaka wa pili karo ikanishinda nikarudi kwa Mathe na laptop na simu. Mwenye ploti aliamua kutuwekea intaneti, kila chumba kinachanga kidogo juu ya kodi. Megabiti 20 za kupakua, 5 za kupakia, ruta moja imepigwa misumari kwenye korido karibu na mita za stima. Siku ilipowekwa tulishangilia kama Gor Mahia wamefunga.

Dada yangu yuko Dubai, kazi ya nyumba. Anapiga kila Jumapili saa tatu usiku yetu, ambayo kwake ni saa nne, akishamaliza vyombo. Anapiga kwa Botim kwa sababu kule simu za WhatsApp hazipiti. Mathe huwa amejiandaa kabisa: amekula, amejifunga leso vizuri kana kwamba ataonekana, ameketi kile kiti cha karibu na jikoni na simu amekwisha ishika kabla hata haijalia.

Kuna Jumapili moja dada aliuliza swali. Kandarasi ya miaka miwili ilikuwa inaisha na ajenti alitaka jibu kesho yake asubuhi. Nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi, nikamskia kwenye spika: "Mama, nirudi ama niongeze miaka mingine miwili?"

Mathe hakufikiria hata. Alisema "Duog dala, nyathina." Rudi nyumbani, mtoto wangu. Alisema mara moja, haraka, kwa sauti.

Halafu dada akasema, "Mama?" Kimya. "Mama, uko?" Mathe anajibu niko, niko, nasema rudi. Dada anasema, "Sawa Mama, nimeelewa." Kisha sauti zikagongana, wote wawili wanaongea juu ya mwingine, ikaanza ile ya roboti, ikakatika. Tulijaribu kumpigia, hakupatikana. Huwa anazima simu mapema.

Asubuhi aliambia ajenti anaongeza. Wiki mbili baadaye ndipo aliniambia kwa maandishi: "Nilimuuliza Mama akanyamaza. Nikajua hali nyumbani bado ngumu."

Sasa mnajua kwa nini video ilinishinda.

Kitu kilichonisumbua ni hiki. Mathe alikuwa anamskia dada vizuri. Safi kabisa. Ni dada ndiye hakuwa anamskia Mathe. Kama mtandao ulikuwa mbovu, mbona ubovu uwe wa upande mmoja? Nililala na hilo swali siku kadhaa. Jibu lilipokuja halikunifurahisha, kwa sababu saa tatu usiku hiyo mimi nilikuwa napakia video. Faili ya gigabaiti 1.2. Kwa megabiti 5 kwa sekunde hiyo ni kama dakika 32 za kujaza njia ya kutoka, na dakika hizo 32 zilipita katikati ya simu ya Mathe. Sauti ya dada ilikuwa inaingia, na njia ya kuingia ilikuwa na nafasi. Sauti ya Mathe ilikuwa inatoka, na mlango wa kutoka nilikuwa nimeuziba mimi na video ya kulinganisha earphone za mia tano.

Kabla mnishambulie, ngojeni niwaonyeshe vile inafanya kazi, kwa sababu pengine wewe pia unafanya hivi kila usiku na hujui.

Simu ya intaneti haina njaa ya data. Kodeki ya zamani ya simu inaitwa G.711, inatumia kilobiti 64 kwa sekunde, na ukiongeza anwani zinazobandikwa kwenye kila paketi unafika 80. Kodeki za siku hizi kama Opus zinatumia hata nusu ya hapo. Kwa hesabu ya karatasi, megabiti 20 zinabeba sauti 250 za G.711 kwa upande mmoja. Ploti yetu yote pamoja na wageni hatufiki watu 40. Kwa hivyo yule anayekwambia "simu inakatika kwa sababu bando lako ni ndogo, panda hadi la megabiti 40" anakuuzia ndoo kubwa na shida yako ni mfereji.

Kile ambacho simu inataka ni muda. Sauti inakatwa vipande, kwa kawaida kimoja kila milisekunde 20, yaani paketi 50 kwa sekunde, na kila moja lazima ifike kwa zamu yake. Sinema ikichelewa sekunde tatu, Netflix ilishahifadhi dakika nzima mbele, hutajua. Sauti haiwezi kuhifadhiwa mbele kwa sababu mtu bado hajaisema. ITU, lile shirika la umoja wa mataifa la mawasiliano, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio. Ukizidisha hapo sana, watu wanaanza kukatizana. Ukifika sekunde moja na nusu, mtu anasoma kimya kama jibu.

Zamani haikuwa hivi. Simu za waya zilikuwa zinakutengea njia nzima, wewe na yule unayempigia, na hakuna mwingine angepita hapo mpaka uweke mkono wa simu chini. Ilikuwa ghali, lakini ilikuwa yako. Intaneti haitengi. Kila paketi inapanga foleni na za wengine.

Foleni yenyewe sasa. Modemu na ruta huwa na bafa, sehemu ya kuhifadhi paketi zinazongoja kutoka. Watengenezaji walizijaza kumbukumbu kwa sababu kumbukumbu imekuwa rahisi, na wazo lilikuwa zuri tu, paketi isipotee. Lakini fanya hesabu: bafa ya megabaiti moja kwenye njia ya megabiti 5 inachukua sekunde 1.6 kumaliza. Video yangu ikishaijaza, kila kipande cha sauti ya Mathe kinaingia mwisho wa foleni na kungoja sekunde 1.6. Umewahi kuendesha boda nyuma ya trekta za miwa kwenye barabara ya Awendo? Boda yako ni ndogo, ingepita kwa nafasi ya futi mbili, lakini mbele kuna trekta sita zimeshikana na hakuna pa kupenya. Wewe huna haja na barabara pana. Unahitaji mtu asimame pale mbele aseme "boda kwanza."

Hii si siri mpya. Mwaka wa 2010 Jim Gettys, mmoja wa waliounda mfumo wa X Window huko MIT, aligundua kwamba intaneti ya nyumbani kwake ilikuwa inakufa kila alipokuwa anatuma faili kubwa. Mtu kama huyo! Akafuatilia akakuta ni bafa, akaipa shida hiyo jina, bufferbloat. Mwaka wa 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha dawa inayoitwa CoDel. Dave Täht, aliyefariki Aprili 2025, alitumia miaka mingi kuwabembeleza watengenezaji wa ruta waiweke, na iko bure ndani ya OpenWrt mpaka leo. Dawa imekuwepo tangu nikiwa shule ya msingi, na bado naletewa ruta kwenye korido ambayo haina.

Nilipima. Nilipiga pingi kutoka kwa laptop usiku ploti imetulia: milisekunde 40. Nikaanza kupakia faili: 1,700. Hiyo hiyo laptop, hiyo hiyo waifai, na kile kipimo cha spidi ambacho nyinyi mnaposti kwenye stori kikisema megabiti 19.6, kijani, hongera.

Nikaenda kwa mwenye ploti. Alisikiza vizuri, ni mzee mpole, akaniambia nimpigie yule kijana wa mtandao. Kijana wa mtandao naye, sitamtaja wala kampuni yake, akasema "bosi, upgrade tu." Nilimwambia kuhusu foleni akacheka. Simlaumu sana. Amefundishwa kupanda paa, kuelekeza dishi na kuuza megabiti, na hakuna mteja amewahi kumuuliza kuhusu kuchelewa.

Basi nikanunua ruta kuukuu inayokubali OpenWrt, elfu mbili na kitu, pesa ya tangazo moja, nikaiweka kati ya modemu na ile ya korido. Kwa mwenye ploti niliomba ruhusa, tafadhali na wewe uombe. Nikawasha kile wanaita SQM na nikaweka mwisho wa kupakia uwe megabiti 4.5 badala ya 5. Watu wengi hapa ndipo wanakataa. "Yaani unajipunguzia spidi?" Ndiyo. Ukiipunguza kidogo chini ya uwezo wa modemu, foleni haijengeki tena kwenye modemu ambayo huwezi kuigusa, inajengeka kwenye ruta yako, na hapo wewe ndiye unasimama mbele ya barabara. Ruta inatenganisha mikondo, inaona huu ni mnene na huu ni mwembamba wa paketi ndogondogo, inapitisha mwembamba kwanza. Haihitaji hata kujua kwamba ni simu. Nikapima tena huku napakia: chini ya 60. Ile video ya gigabaiti 1.2 sasa ingechukua kama dakika 36. Dakika nne zaidi.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko hewani, na hapa ploti za Rongo tuna dhambi zetu wenyewe.

Waifai ni kama redio ya polisi: kwenye chaneli moja, anaongea mmoja, wengine wanangoja. Ukitembea kwenye korido yetu na apu ya kuchunguza waifai unaona majina 20 kutoka ploti jirani, yote kwenye gigahezi 2.4, yamewekwa popote. Kule kuna chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, 1, 6 na 11. Mtu akikaa kwenye 3 anasumbua walio kwenye 1 na walio kwenye 6 kwa pamoja, na yeye mwenyewe hapati amani. Na usipanue chaneli hadi megahezi 40 kwa sababu eti namba inaongezeka. Kwenye ploti iliyobanana, 20 inatosha. Kama simu yako inashika gigahezi 5, hamia huko, kuna nafasi, ila ujue kuta za mawe zinaikata haraka.

Halafu nguvu ya mawimbi. Wahandisi wa Cisco wanaoweka simu za waifai kwenye hospitali na maghala hulenga -67 dBm au bora zaidi kila mahali mtu atasimama akiongea. Kumbukeni ni hasi, kwa hivyo -60 ni bora kuliko -67. Kwenye kiti cha Mathe nilipata -81. Simu yake ilikuwa na vijiti viwili vya waifai, na TikTok ilicheza, kwa hivyo hakuna aliyewahi kulalamika. Nilihamisha ruta ya korido mita nne tu, nikaitoa nyuma ya mita za stima ambazo ni chuma tupu, ikafika -66. Mita nne na bisibisi.

Kitu kingine ambacho watu hawajui: simu moja kuukuu iliyo mbali inaweza kula hewa ya wote. Paketi kubwa ya baiti 1,500 ikitumwa kwa megabiti 1, ile spidi ya chini kabisa, inachukua milisekunde 12 hewani. Kwa megabiti 54 ingechukua chini ya robo ya milisekunde moja. Mabingwa wa mtandaoni watakwambia uzime spidi za zamani kwenye mipangilio. Mimi sikuzima. Jirani wa chumba cha mwisho ana simu ya zamani na ananunulia kuku wake dawa kupitia hiyo simu. Ukizima, yeye anatoka kabisa. Afadhali kuongeza ruta ya pili upande wake, nguvu zikipunguzwa kidogo ili simu zising'ang'anie ya mbali. Bado tunachanga. Tuko kwa elfu moja na mia mbili.

WMM nayo iacheni imewashwa. Ilitokana na kiwango cha 802.11e cha mwaka wa 2005 na inagawa hewa mafungu manne: sauti, video, kawaida, na visivyo na haraka. Sauti inangoja muda mfupi zaidi kabla ya kuruka hewani. Lakini isikudanganye, inafanya kazi tu paketi ikiwa imewekwa alama kwamba hii ni sauti, na alama nyingi hufutwa njiani au apu haikuweka. Kwa ofisi yenye simu zake na seva yake, hiyo ndiyo silaha. Kwa ploti ya vyumba 14 yenye kila aina ya apu, ile ya kutenganisha mikondo ndiyo iliyotuokoa.

Sasa nije kwa kile ninachotaka kusema hasa, na hapa najua tutakosana.

Sisi wa rika hili hatupigi simu. Tunaandika, tunatuma sauti za kurekodi, mtu akitupigia bila kutuma ujumbe kwanza tunashtuka ni msiba. Kwa hivyo tunapima mtandao kwa vitu vyetu: video imekwama ama haijakwama, gemu imeshika ama haijashika. Na kwa sababu sisi ndio tunaitwa "kijana wa kompyuta" kwenye kila familia na kila ploti, sisi ndio tunachagua bando, tunaweka nywila, tunasema hii iko sawa. Tumeweka mtandao kwa mfano wetu. Wazazi wetu wanataka kitu kimoja tu kutoka kwa hiyo sanduku yenye taa, kuongea na mtu aliye mbali, na hicho ndicho hatupimi.

Kuna mtu ataniambia, "si atume voice note?" Nimeshaambiwa. Voice note inavumilia foleni, ikichelewa dakika mbili hakuna anayejua, ni kweli. Lakini kuna swali ambalo mtu anauliza akitaka kuskia vile pumzi ya mama inabadilika. Dada yangu hakutaka tu neno "rudi". Alitaka kujua kama linatoka haraka. Na lilitoka haraka. Lilikaa kwenye bafa.

Mwingine atasema mimi najitetea, kwamba ningeacha tu kupakia saa tatu. Ni kweli ningeacha, na mwezi wa kwanza niliacha kabisa, hata kufungua YouTube niliogopa. Lakini ploti ina watu. Kuna mwanafunzi anatuma mradi wake wa mwisho, kuna mtu simu yake inapeleka picha kwenye hifadhi yenyewe bila kumuuliza. Huwezi kupiga kengele saa tatu kila mtu aache. Wala sitaki adabu ya majirani ndiyo ishike simu ya Mathe. Ruta iko pale, ifanye kazi yake.

Na nyinyi mnaouza waifai mitaani, wale wa vocha za siku na wale wa mwezi, nawafuata na wengine wenu mnanifuata. Wengi wenu mna MikroTik. Mashine hiyo inajua kupanga foleni kuliko ruta yangu ya elfu mbili, lakini mmeifundisha jambo moja tu, kumkata mteja akifika megabiti zake. Toleo la 7 la programu yake lina fq_codel na CAKE ndani tayari. Si leseni, si kifaa kipya. Ni jioni moja. Kisha bandikeni kwenye tangazo, chini ya megabiti, simu inachelewa kiasi gani mtu mwingine akiwa anapakia. Wa kwanza kuandika hivyo hapa Rongo nitamtangaza bure, nimesema mbele ya mashahidi.

Kama hamniamini, fungueni fast.com usiku, mkibonyeza maelezo zaidi mtaona namba mbili za kuchelewa, moja mtandao ukiwa mtupu na nyingine ukiwa na mzigo. Linganisheni hizo mbili. Ya kwanza ikiwa 40 na ya pili 900, msinitumie tena picha ya megabiti. Tumeni hiyo.

Dada kandarasi yake mpya bado ina miezi 19. Nilimweleza yote, bafa, trekta, faili yangu. Alinyamaza kidogo, na safari hii ilikuwa ni yeye kweli, kisha akaandika "sasa earphone gani ilishinda?" Jumapili iliyopita alipiga saa tatu na dakika tano. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka Mathe akabonyeza simu kwenye sikio, na mimi nilikuwa napakia makusudi, kuona. Waliongea dakika 41. Walibishana kuhusu mahari ya binamu yetu, wakikatizana kwa sababu ni watu wa kukatizana.